Pikipiki Iliyopakwa Mafuta ya Mbarika

Nitasema mapema tusije tukakosana: mimi si mtu wa subira. Mkunga aliyenipokea duniani alizoea kuwaambia watu kwamba nilianza kufoka kabla mabega hayajatoka. Mkunga huyo aliitwa Murugi, na kwa kuwa alikuwa amezalisha nusu ya watu wa Giakanja, kila mtu, hata wanaume wenye mvi, alimwita Cucu, yaani nyanya. Mimi nilikua, nikasomea unesi na ukunga, nikarudi nyumbani na kofia nyeupe, nikapewa zahanati ya kanisa. Basi tukawa wakunga wawili mahali pamoja, mimi na yule aliyenizalisha. Unaweza kujionea mwenyewe jinsi mambo yalivyokuwa.

Cucu Murugi alikuwa na kibuyu kidogo chenye shingo nyembamba, alichokiziba kwa kipande cha gunzi. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya mbarika aliyoyakamua mwenyewe. Mtoto akizaliwa, kabla hajafungwa nguo, Cucu alimpaka utosini, kifuani na nyayoni huku akimnong'onezea maneno ya baraka. Mimi nilikuwa nimefundishwa sabuni ya dawa na maji yaliyochemshwa. Siku ya kwanza alipokuja zahanati na kibuyu chake nilimwambia wazi, "Cucu, hayo mafuta yabaki nje." Akayaacha nje. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipoitwa kwa mama anayejifungua nyumbani, nilimkuta Cucu amefika zamani, ameketi na kikombe cha chai, mtoto anang'aa kwa mafuta, naye ananiuliza kwa upole wa kuudhi, "Ulipotea njia, sista?"

Kwa miguu sikumweza. Alijua kila mkato, na mabonde ya Tetu hayamhurumii mtu aliyevaa viatu vya hospitali.

Miaka hiyo, nasema miaka ya sabini, wanawake wa Giakanja walikuwa na kikundi cha mabati. Walichanga pamoja na kuezekeana nyumba, moja baada ya nyingine, ili nyasi ziondoke juu ya vichwa vyao. Zamu ilikuwa imemfikia Waithira, mjane aliyekaa ng'ambo ya bonde, upande wa kwenda Wamagana. Mwaka uliotangulia binti yake alipoteza mtoto wakati mimi bado natelemka bondeni na begi kichwani, matope yamenifika kwenye vigimbi vya miguu. Siku ya mkutano Waithira alisimama, akajifunga leso vizuri, akasema, "Hiyo zamu yangu mpatie sista. Mumnunulie kitu ya kumbeba. Mimi nyasi yangu bado iko sawa."

Haikuwa sawa. Sote tulijua kwamba mvua ikinyesha Waithira hulala akihamishahamisha sufuria za kukinga matone.

Hivyo ndivyo nilivyopata pikipiki yangu, nyekundu, ya Kijapani, kutoka duka la Bwana Gatimu mjini Nyeri. Ilikuja na garanti ya miezi sita. Kitu kikivunjika kwa kosa la kiwanda, duka lingetengeneza bure. Lakini mwenyewe atie oili ile ile waliyoiagiza, na akitia kitu kingine kikaharibu injini, hiyo ni shauri yake. Gatimu, ambaye hata siku ya joto hakulegeza tai, alinisomea maneno hayo mara mbili. Nikamwambia mimi husoma chupa za dawa kila siku na sijamuua mtu.

Siku niliyoifikisha Giakanja wanawake walikuwa wananisubiri sokoni. Kwetu, mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, na wa kike vitatu. Basi ukazuka ubishi. Ngendo, mweka hazina wa kikundi, alisema hii ni ya kiume, sikieni inavyonguruma. Waithira alisema ni ya kike, kwa maana ndiyo itakayobeba. Mwishowe wakapiga vitatu na vitano, ili isije ikanuna.

Ndipo Cucu Murugi akajitokeza na kibuyu. Alimimina mafuta kiganjani, akaanza kuipaka pikipiki, taa, tangi, kiti, mikono ya usukani, polepole, midomo ikicheza kwa maneno yake ya baraka. Nami, mbele ya soko zima, nikatoa kitambaa na kupangusa nyuma yake kila alipopita.

"Cucu, mikono itateleza," nilisema. "Na vumbi itashika hapo."

Yote mawili yalikuwa kweli. Hata hivyo wanawake walitazamana. Cucu akaziba kibuyu chake taratibu, akaitazama pikipiki juu hadi chini, akauliza, "Na hii inakula wapi?"

Hilo nililipenda, maana nilikuwa nimelisomea. Nikawaonyesha: petroli hapa juu, na oili hapa chini pembeni, unafungua kifuniko hiki kwa mkono, kina kijiti chake, unapangusa kijiti, unachovya, unaangalia imefika wapi. "Oili ndiyo damu yake," nikawaambia. "Ikikauka, injini inakufa." Cucu aliinama akatazama kile kifuniko kwa makini sana. Nilifikiri, mjinga mimi, kwamba hatimaye ameanza kuniheshimu.

Sitaki kudanganya, miezi iliyofuata nilikuwa na raha. Nilijifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule na gharama ilikuwa lango moja la mwalimu mkuu. Baada ya hapo nilikwenda kila mahali. Watoto walinikimbilia kwenye vilima, wazee walitikisa vichwa wakisema mwanamke ameketi hivyo, na akina mama walizaa nikiwepo. Niliipeleka dukani kufanyiwa sevisi ya kwanza kama kitabu kilivyosema. Na kila Jumamosi nilifungua kile kifuniko, nikachovya kijiti, nikakuta oili imejaa mpaka kwenye alama. Niliringa nayo. Pikipiki ya mwalimu Hezekiah ilikunywa oili kama mlevi. Yangu haikupungua hata tone. Nilimwambia Hezekiah kwamba tofauti ni matunzo.

Cucu bado alinitangulia mara moja moja kwa wale waliokaa karibu naye. Nilimkuta ameketi, ananiuliza habari ya njia, kisha anatoka nje nikiwa nahudumia mama. Sikujali alikokwenda.

Pikipiki ikavunjika siku ya Jumatatu, kwenye mwinuko wa kwenda Ihururu, saa ya ng'ombe kukamuliwa. Nilikuwa nimeitwa kwa Ngatia, ambaye mkewe Karwitha, msichana wa Meru, alikuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Katikati ya mlima nilisikia sauti juu ya injini, tak tak tak, kama mtu anapiga sufuria na kijiko. Kisha joto likanichoma mguuni, harufu nzito ikapanda, na pikipiki ikakwama kabisa. Nilikanyaga kiki ya kuiwashia. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Nikaitukana, nikailaza kwenye majani ya chai, nikachukua begi na kupanda kwa miguu.

Nilipofika, Karwitha alikuwa amejifungua msichana mzima. Cucu Murugi alikuwa ameketi na chai.

"Leo umetembea?" akaniuliza.

"Imekufa," nikasema. Niliketi kando yake, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Aliweka kikombe chini na kuniangalia kwa muda mrefu, kibuyu chake mapajani.

Kesho yake dereva wa lori la kabeji alitubeba mimi na pikipiki mpaka Nyeri. Fundi wa Gatimu, kijana aliyeitwa Muriithi, aliweka karai chini ya injini na kufungua bolti ya oili. Nilitarajia kitu cheusi chenye kutiririka. Kilichotoka kilikuwa uji wa kahawia, mzito, wenye nyuzinyuzi, ukidondoka kwa uvivu. Harufu yake ilikuwa tamu kidogo. Niliwahi kuisikia mahali, lakini hasira ilikuwa imeshaniziba pua.

Gatimu alichungulia karai. "Mama, hii si oili yetu," akasema. "Hii garanti haiwezi kusimamia."

"Mimi si mama yako, mimi ni sista. Na hiyo oili niliweka ni ile mliniuzia hapa hapa."

"Sista," Muriithi akasema pole pole, "hii iko na kitu ingine ndani. Ona vile imegandana."

"Basi mliniuzia takataka!"

Duka lilikuwa na watu. Nilijua wananiangalia na sikujizuia. Niliweka mkono kwenye kaunta ya Gatimu na kuapa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba tangu pikipiki ile itoke mlangoni mwake hakuna kitu kilichoingia kwenye injini isipokuwa oili ya duka lake, na kama nasema uongo nisivae tena kofia ya unesi.

Gatimu alipangusa miwani. Alisema kampuni ingemtuma mkaguzi kutoka Nairobi siku ya Alhamisi, kwa sababu alikuwa na pikipiki nyingine za kutazama Nyeri na Karatina. Huyo ndiye angeamua. Akisema ndiyo, watatengeneza. Akisema hapana, niichukue vile ilivyo.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Waithira, ambako kikundi kilikuwa kimekutana, na wote walikuwepo, Cucu pia. Niliwapa habari nikiwa nimesimama, nikitupa mikono. Ngendo hakuzungusha maneno. Garanti ikikataliwa, alisema, kikundi hakina uwezo wa kununua injini nyingine. Nderitu wa kinu cha kusaga mahindi alikuwa ameshauliza kama tungemuuzia ile iliyokufa kwa ajili ya vipuri. Tungeuza, tungepata mabati machache ya Waithira kabla ya mvua ya masika, na sista angerudi kutembea.

"Sitaki hayo mabati," Waithira alisema. "Nataka sista afike."

Hapo ndipo nilipoanza kueleza habari ya ule uji wa kahawia, nikiwalaani watu wa duka, nikisema wameniuzia oili iliyooza. Nilisema ilikuwa nzito, yenye nyuzinyuzi, yenye harufu tamu.

"Hiyo ni mbarika," Cucu Murugi akasema.

Niligeuka.

"Ni yangu," akasema. Hakutetemeka wala kuinamisha kichwa. "Mbarika ikipikwa sana inakuwa hivyo. Niliweka mimi. Ukiwa ndani na mama, mimi naenda nje nafungua ile kifuniko ulituonyesha. Naweka kidogo. Wiki ingine naweka kidogo tena. Mtoto hapakwi mara moja tu."

Jumamosi zangu zote! Kijiti changu kilichojaa! Nilikuwa nimemringia Hezekiah kwa mafuta ya Cucu.

"Lakini kwa nini, Cucu?" nilipiga kelele. "Kwa nini ndani?"

"Nilipaka nje, ukapangusa," alisema. "Mbele ya watu. Basi nikatafuta mahali huwezi kupangusa."

Hakuna aliyecheka. Ngendo ndiye aliyefungua mdomo kwanza. "Haya, hii maneno ikufe hapa," alisema. "Nani atajua? Sista ameapa tayari. Huyo mtu wa Nairobi hajui mbarika. Tunyamaze, watutengenezee."

Wengine waliitikia. Cucu alisema hapana, yeye ndiye aliyefanya na yeye ndiye atakayesema, atakwenda Nyeri Alhamisi. Nikamwambia akae nyumbani. Nilimwambia vibaya. Nilisema ameshafanya ya kutosha.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo, na sababu yake ni rahisi: sikujua nitasema nini. Nikisema kweli, nimemaliza garanti kwa mdomo wangu mwenyewe, Nderitu anachukua pikipiki, na msimu wa mvua utanikuta bondeni na begi kichwani kama ule mwaka wa binti ya Waithira. Nikinyamaza, nimeapa uongo kwa kofia yangu. Alhamisi nilipanda gari la kwenda mjini bado sijaamua. Niliomba njiani, lakini nadhani nilikuwa namwomba Mungu asione.

Nilipofika kwenye duka la Gatimu, Cucu Murugi alikuwa ameketi kwenye benchi nje, miguu yake imejaa umande na matope mekundu, kibuyu mapajani. Alikuwa ametoka nyumbani jogoo wa kwanza.

"Ulipotea njia?" akaniuliza.

Nilikaa kando yake. Miguu yake ilikuwa inatetemeka kwa uchovu, na aliifunika kwa leso nisiione. Nikaiona. Hapo nikajua nitasema nini, na niliona haya kwamba ilibidi mwanamke wa umri ule atembee mpaka Nyeri ndipo nijue.

"Cucu, wacha niseme mimi kwanza," nikamwambia. "Niliapa mimi."

Mkaguzi aliitwa Njue, mtu wa Embu, mfupi, mwenye koti la bluu na kucha safi. Aliingia na Gatimu nyuma yake, akasimama juu ya lile karai ambalo Muriithi alikuwa amelihifadhi. Alichovya kidole, akanusa. Uso wake ukakunjika. Tayari alikuwa ametoa kalamu mfukoni.

"Nilisema hakuna kitu imeingia isipokuwa oili yenu," nikasema kabla hajafungua mdomo. "Niliapa hapa, watu wakisikia. Haikuwa kweli. Sikujua, lakini haikuwa kweli. Kuna mafuta ya mbarika."

"Ni mimi niliweka," Cucu akasema. Alisimama, akamnyooshea kile kibuyu kwa mikono miwili, kama anavyompa mtu mtoto. "Haya ndiyo yenyewe. Sista hakuniona."

Gatimu alipiga makofi mara moja. "Umesikia, Bwana Njue? Garanti imekwisha. Wamesema wenyewe."

Njue alikitazama kibuyu, akakipokea, akatoa kile kipande cha gunzi na kunusa. Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia, akatabasamu.

"Cucu wangu kule Embu alitupaka hii," alisema. "Tukaenda shule tukiteleza. Uliweka ngapi, Cucu?"

"Kama ya kumpaka mtoto. Kila wiki."

"Kiganja moja?"

"Kiganja moja."

Njue alirudisha kalamu mfukoni. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati. "Fungua hii injini," akamwambia Muriithi.

"Lakini wamesema..." Gatimu alianza.

"Wamesema, ndiyo. Kama hawangesema, ningenusa hii kitu, niandike hapana, niende Karatina kabla ya chai. Mtu akificha, mimi sifungui. Lakini hawa wameniambia ni nini, na ni kiasi gani. Hiyo kidogo inachafua. Sijawahi kuona ikikwamisha injini kwa miezi mitatu. Nataka kuona ni nini imekwamisha."

Walifanya kazi pamoja, Njue na Muriithi, vichwa vimegusana juu ya benchi. Cucu alisogea karibu akainama kabisa, kama vile anavyoinama juu ya mama mwenye uchungu, na hakuna aliyemfukuza. Walitoa kifuniko cha juu. Chuma cha ndani kilikuwa kimekwaruzika, kikavu, bila unyevu. Walitoa kifuniko cha chini. Huko uji wa kahawia ulikuwa umejaa. Chujio la oili lilikuwa na utando, lakini Njue aliliinua kwenye mwanga na tundu zote zilionekana. Kisha akafungua pampu, kile kidude kinachosukuma oili kutoka chini kwenda juu, na kijiti chake cha chuma kikamtokea mkononi katika vipande viwili.

Akavigeuzageuza. Akatuita. "Njooni muone. Bwana Gatimu, na wewe."

Mahali palipovunjika palikuwa na rangi mbili. Upande mmoja ulikuwa mweusi, upande mwingine uling'aa kama kijiko kipya.

"Hii inang'aa ilivunjika juzi kwa mlima," Njue alisema. "Hii nyeusi ni ufa ya zamani. Oili imekaa ndani yake tangu siku ya kwanza. Ilitoka kiwandani ikiwa hivi. Hata mngeweka oili ya malaika, pampu ingevunjika tu na huko juu kungekauka."

Gatimu alitazama kwa muda. Akatoa miwani, akairudisha. Alisema, si kwa ubaya sasa, kwamba maandishi ni maandishi, na kampuni isije ikamtoza yeye.

"Maandishi inasema uharibifu ulioletwa na oili ingine," Njue akamjibu. "Huu haukuletwa na oili ingine. Nitaweka sahihi yangu mimi. Pampu, chuma ya juu, na kazi yote, juu ya kampuni. Kusafisha hii uji," akamgeukia Cucu, "hiyo ni juu ya mwenye kibuyu."

"Nitasafisha," Cucu akasema mara moja. Akafunga leso kiunoni.

Na alisafisha. Muriithi alimpa mafuta ya taa na kitambaa, na Cucu akakaa kwenye sakafu ya gereji akapangusa kila kipande mpaka kikawa cheupe, mimi nikiwa kando yake na kitambaa kingine. Tulipangusa pamoja, tukisemezana maneno machache. Wakati fulani alimuuliza Njue, "Kwa hivyo mafuta yangu haikuiua?"

"Haikuiua, Cucu. Lakini haikuisaidia pia. Injini si mtoto."

"Hiyo nimeona," akasema. "Mtoto angelia."

Pampu mpya ilichukua wiki mbili kuja kutoka Nairobi. Nilitembea wiki hizo, na mvua ya kwanza ilinikuta bondeni mara mbili, na mara zote mbili nilitembea na Cucu, kwa mikato yake, nikafika. Wanawake walipoambiwa kwamba hakuna cha kumuuzia Nderitu, Ngendo alisema basi mchango unaofuata ni wa nyumba ya Waithira na asiwepo mtu wa kusimama tena kutoa zamu yake. Waithira alilia. Nami nililia, na sioni haya kusema.

Muriithi alipotuma habari kwamba imekuwa tayari, nilimwomba Cucu twende pamoja. Tuliikuta imesimama mbele ya duka, nyekundu, imeoshwa. Niliikanyaga kiki ikanguruma mara moja, sauti safi, na Muriithi akacheka kwa furaha. Cucu aliitazama. Mkono wake ulikwenda kwenye kiondo alichoning'iniza begani, ukakishika kibuyu, kisha ukakiachilia. Alirudi nyuma hatua chache, kama mtu aliyekumbuka kwamba hapa si kwake.

Nilizima injini.

"Cucu," nikasema, "ile siku ya sokoni. Kwa nini ulitaka kupaka pikipiki?"

Watu walikuwa wanapita barabarani na mizigo yao, na Gatimu alikuwa mlangoni na tai yake.

"Nilitaka kukupaka wewe," alisema. "Wewe ndiye nilikushika wa kwanza, na wewe ndiye unachukua kazi yangu. Hiyo kazi inapewa mtu na mafuta kwa mikono. Mimi nilipewa hivyo na mama yangu. Lakini wewe uko na sabuni yako. Nikaona ungejipangusa. Nikasema, labda hii chuma itanyamaza."

Nilivua glavu zangu, nikazitia mfukoni, nikanyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, pale pale kwenye barabara ya Nyeri.

Cucu alitoa gunzi kwenye kibuyu. Alimimina, na mafuta mengine yakamwagika chini. Alinipaka viganja, na katikati ya vidole, na migongo ya mikono, na vifundo, polepole, akininong'onezea yale maneno anayowaambia watoto, ambayo nilikuwa nimeyasikia mara nyingi na sikuwahi kuyasikiliza. Yanasema ushike bila kuumiza. Yanasema usichelewe. Alipomaliza aliniangalia usoni, na najua alikuwa anangojea kitambaa.

Nilimpandisha nyuma. Hakuwahi kupanda, na alinishika kiunoni kwa nguvu za mtu anayezuia mlango. Tulipita mjini tukaingia barabara ya Giakanja, mlima wa theluji umejitokeza safi, na nikaendesha polepole sana kwa maana mikono iliteleza kweli kwenye usukani. Baiskeli ilitupita. Cucu alinipigia kelele sikioni kwamba kwa miguu angekuwa ameshafika, na mimi nikaendelea polepole hivyo hivyo mpaka nyumbani.